Uso Uliofunuliwa Sibwesa

Mume wangu mpenzi uliyeko Tabora,

Chai ya asubuhi bado naimimina vikombe viwili. Mama yako husema, "Mkwe wangu, huyo atakunywaje toka Tabora?" Nacheka naye. Tuna miezi miwili tu ya ndoa, na kulitaja jina lako bado kunanitia haya tamu.

Unakumbuka lori lilivyochemka Sibwesa, siku unanileta huku Mpanda kutoka Karema? Dada zako walishuka mtoni kuteka maji ya rejeta. Nilibaki kwenye benchi la lori, nimefunikwa kanga, nisionekane uso mpaka Mama yako anifunue mwenyewe mlangoni kwake. Ukainua pindo. "Tazama upesi, mke wangu." Juu ya miombo kilitulia kitu cheupe, cha duara, kama visahani viwili vilivyofunikana, bila mlio. Mara hakipo. Ukaishusha kanga taratibu, nami nikakupenda upya.

Ulipoandikisha habari bomani, karani aliniita nami. "Na wewe, bibi harusi, uliona nini?" Wifi akadakia, "Aone nini, na kanga usoni?" Wakacheka wote. Mama alikuwa kando yangu. Nikasema sikuona kitu. Neno langu likaandikwa chini ya lako katika faili, na kwa ajili yake ukaondolewa darasani ulikofundisha, ukapelekwa huko Tabora kwa daktari apime akili yako.

Sasa magazeti yameleta habari za visahani vinavyoruka Ulaya, na hapa Mpanda hakuna mazungumzo mengine. Wenye maduka wamemwomba Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, faili lisomwe hadharani, naye amekubali: Jumamosi, barazani. Kila mtu atasikia kwamba mkeo alikukana.

Leo, tukipepeta mchele uliotoka kijiji cha Mamba, nimemweleza Mama yote. Akaweka ungo chini.

"Kwa hiyo nilifunua uso uliokwisha kufunuliwa."

"Ndiyo, Mama."

Tangu hapo hajaniita mkwe. Inaniuma, lakini si kama kitanda chako kitupu.

Jumamosi nitasimama barazani. Barua hii nimeiandika mara mbili, moja ya faili na moja yako, na bahasha zote nimeziacha wazi. Karani asome, daktari asome: ulinifunua, nikaona.

Rudi, mpenzi. Kikombe chako nakifunika kisipoe.

Mkeo, shahidi wako wa pili