Nilivyomfuata Getu Mpaka Vichakani

Wubit, nimejifungia chooni, nacheka huku nalia.

Leo kocha Dagne alikuwa ananipima kama nimepata nguvu baada ya uzazi, anirudishe kwenye kundi la wakimbiaji. Akaniambia, "Mama Liya, fuata visigino vya Getu. Usiinue macho!"

Getu ndiye anayetuongoza mbio. Shoga, nikavifuata. Tukapita ukingoni mwa ziwa, tukaingia msituni, tukazunguka miti. Getu akachepuka vichakani, nami nyuma. Akasimama, nikasimama.

Akageuka ameshika suruali. "Dada yangu, hata huku?"

Alikwenda KUKOJOA, Wubit! Kukojoa! Na nyuma yangu kundi zima limepanga mstari, macho chini, linafuata visigino vyangu!

Kocha alicheka mpaka akakaa kwenye nyasi. Kisha akasema, "Kesho unaongoza wewe, Mama Liya. Ila ukibanwa, tuambie mapema!"