Msichana wa Mwisho kwenye Foleni

Temeke, Alhamisi mchana

Baba,

Shikamoo. Najua marehemu hapewi shikamoo, lakini mkono wangu umekataa kuanza na neno jingine.

Nimekaa kwenye kigoda chako, hapa kibandani, na hii ni mara ya nne nakaa. Naandika mistari miwili, nainuka, nakwenda mpaka barabarani, narudi. Mama ananiona kutoka uani na ameshaacha kuuliza nina nini. Tangu arobaini yako ipite nimekuwa hivi, kama mtu aliyesahau kitu jikoni na hakumbuki ni kitu gani. Ila mimi nakumbuka vizuri sana. Ni ile foleni, kinyago changu cha mtihani. Kesho asubuhi inatakiwa shuleni.

Nianze na habari za nyumbani, maana ungeuliza. Mama anakula, kidogo kidogo. Mzee Aloisi na wenzako bado wanachonga hapa. Leo wamekwenda kwenye mkutano wa mjumbe, ndiyo maana nimeweza kukalia kigoda chako bila mtu kunitolea macho. Tezo yako hakuna aliyeigusa. Ipo pale pale ulipoiegemeza.

Mjomba Fidelisi yuko kwetu, anasimamia mambo, na wewe unajua kwetu neno la mjomba ni neno. Siku ya tatu tu baada ya kukuzika aliniita. "Leokadia, hii michezo ya vinyago na ngoma, baba yako alikuwa anakudekeza. Mie nakutafutia nafasi ukajifunze kupiga chapa." Nikamwomba aniache nimalize kwanza mtihani wa kidato cha nne. Alikuna kidevu, akakubali kwa sharti moja. Nikifaulu vizuri masomo ya sanaa na muziki, ataniacha niende chuo cha ualimu nikasomee kuyafundisha. Nikivurunda, ni mashine ya chapa, na asinione nalia.

Sasa unaona ubaya wa jambo lenyewe. Foleni ulivyoiacha inang'aa. Msahihishaji yeyote akiishika atanipa alama zote. Na siyo yangu.

Baba, hapa kibandani mimi nilikuwa mtu wa kuleta maji na kuondoka. Kabla sijajua kusoma nilishajua kwamba mpingo una ganda jeupe nje na weusi ndani, lakini ningeshika patasi mbele ya wazee wangesema nimeingiwa na shetani. Mchongaji ni mwanamume, basi. Shuleni haikuwa hivyo. Tulipofika kidato cha pili alikuja Mwalimu Hiza kutoka Usambara, na sanduku la rangi na ngoma mbili. Wakampa chumba kimoja kwa masomo mawili. Akatundika magunia katikati yakawa pazia, upande huu sanaa, upande ule muziki, na sisi tunapishana. Hakuuliza nani msichana nani mvulana. Aliweka kipande cha mti mbele ya kila mmoja akasema, "Anzeni. Mkikosea, mti mwingine upo." Nilichonga kijiko. Kilikuwa kibaya, kimepinda kama kimetiwa motoni, na nililala nacho.

Wewe uligundua kwa mikono yangu. Nilikuwa nakunawisha kabla ya chakula, ukaona sugu. Ukanishika kiganja ukakigeuza. "Hii siyo ya jembe," ukasema. Nilijua nimekwisha. Ulininyamazia siku tatu, na ya nne nikakuta patasi ndogo ndani ya mkoba wangu wa shule, imenolewa, imefungwa kitambaa. Hatukuizungumzia hata siku moja.

Na ile ya ngoma, unaikumbuka? Mwalimu alitaka kila mtu alete mlio wa nyumbani kwao aupige kwenye ngoma. Hadija alileta cherehani ya mama yake. Mwingine alileta kinu. Mimi nikaleta tezo yako: mbili nzito, tatu nyepesi, kimya kidogo, halafu moja, pale unapogeuza gogo. Darasa zima likaushika ule mlio, mpaka wakawa wanaugonga kwenye madawati wakati wa hesabu. Nilipokuhadithia ulicheka ukaweka kazi chini. "Kwa hiyo mie ni mwanamuziki!" Wiki nzima baada ya hapo ulichonga kwa madoido. Ukiniona napita uani unaongeza mapigo ambayo hayana kazi yoyote kwenye mti. Mzee Aloisi akakwambia, "Klementi, utatuharibia mali."

Nacheka peke yangu hapa. Mama amegeuka kunitazama.

Gogo la mtihani ulinipa wewe. Hukusema ni la mtihani, ulisema tu, "Hili linanichukulia nafasi." Nikachonga foleni ya bomba letu la mtaani, wanawake saba wanaozunguka gogo kutoka juu mpaka chini, kila mmoja na debe lake kichwani, na wa saba, wa mwisho kabisa pale chini, msichana mdogo aliyeshika upindo wa kanga ya mama aliye mbele yake. Wote niliwaachia mistari ya patasi migongoni. Niliiacha kwa makusudi. Nilitaka mtu akiwapapasa asikie uchovu. Miezi mitano, Baba. Kilikuwa kitu cha kwanza duniani ambacho ningeweza kusema ni changu.

Halafu tukapelekwa shamba la shule, Mbagala, wiki nzima ya palizi. Kujitegemea. Chumba chetu cha sanaa na muziki kikajazwa magunia ya mbegu, kwa hiyo nikaileta foleni nyumbani, nikaiweka juu ya kabati. Niliporudi nikiwa na matope mpaka magotini nilikukuta hapa, mchana kama huu, umeipakata mapajani, mkononi una jani la msasa. Migongo imelainika. Ukiitazama unauona uso wako.

"Nani kakuomba, Baba?" Ndivyo nilivyokwambia, mbele ya Mzee Aloisi. "Zako si ziko hapo zimejaa? Hii ilikuwa yangu!"

Ulisema, "Kazi haitoki kwangu haijapigwa msasa." Kisha ukanitazama, na sijui uliona nini. Ukafuta mkono kwenye suruali, ukanipa foleni. "Haya, mama." Uliniita mama siku zote, kwa sababu nimerithi jina la mama yako, lakini siku ile ulilisema kama unayemwomba radhi yeye.

Siku nne nilikuamkia kwa mdomo tu. Ya tano ukaanguka hapa, karibu na gogo. Presha, walisema hospitali. Aliponifuata Mzee Aloisi shuleni nilikuwa kwenye kipindi cha muziki. Nilikuwa naimba, Baba. Wewe ulikuwa umeshakwenda na mimi nilikuwa naimba.

Nimeinuka tena. Nimekunywa maji.

Nimekaa na wazee wako wiki hizi kuliko miaka yote, maana kwenye msiba hakuna anayenifukuza. Nimewatazama. Mzee Aloisi anakata umbo, mwingine anatoa nyuso, wa tatu anapiga msasa, na kinyago kikitoka hapa hakuna anayesema changu. Nilikuwa naliona hilo tangu nikiwa mtoto, na bado sikuliona. Ulinifanyia kile unachomfanyia mwenzako. Kati ya wachongaji wote wa kibanda hiki ulinihesabu mmoja wao, mimi, msichana wa kuleta maji, na mimi nikakupigia kelele mbele ya watu. Naona aibu mpaka masikio yanawaka.

Lakini shule haina mpango huo. Asubuhi tunaimba ujamaa mpaka mishipa ya shingo inatutoka, mchana tunapewa fomu ya kutia saini: nathibitisha kwamba kazi hii nimeifanya peke yangu bila msaada wa mtu yeyote. Nilimwambia Mwalimu Hiza kwamba naona kichekesho. Akasema, "Leokadia, usinitafutie balaa."

Nilimweleza yote Jumatatu. Ningeweza kunyamaza, na nakwambia ukweli, nilitaka kunyamaza. Usiku nilikuwa naitia ile saini kichwani. Halafu nashika ile migongo laini na nakusikia wewe, sijisikii mimi. Mwalimu aliigeuza foleni muda mrefu. Alikasirika. "Ungeninyamazia tu," akasema. "Sasa nimeshajua, siwezi kuweka jina langu kwenye fomu yako. Na mpingo mpya kwa siku nne hauchongeki." Upande wa pili wa pazia la magunia wenzangu walikuwa wanafanya mazoezi, na unajua walikuwa wanapiga nini? Mbili nzito, tatu nyepesi. Ikabidi nitoke nje. Alinifuata mpaka mlangoni, sauti imeshuka. "Huna chochote, hata kidogo, ambacho ni chako mwenyewe?"

Nikasema sina.

Jana nikaiteremsha foleni kabatini ili nimwonyeshe Mama kwamba imekwisha, naiweka sebuleni iwe ukumbusho wako, na mtihani basi. Nilikuwa naifuta vumbi. Kidole kikafika chini, kwa yule msichana wa mwisho, kikakwama.

Hukumgusa, Baba. Mistari yangu ya patasi ipo yote. Hata pale nilipoteleza nikamkata sikio, papo. Wanawake sita wanang'aa, na yeye amekauka vile vile nilivyomwacha.

Uliacha makusudi? Ulijua yule ni mimi? Au ndiyo ulikuwa unamfikia, na mimi nikaingia na matope yangu na kelele zangu nikakukatiza? Tangu jana naizunguka nyumba hii na swali hilo. Nimemuuliza Mzee Aloisi, akasema, "Baba yako alikuwa anaanzia juu siku zote." Jibu gani hilo! Linaweza kuwa hivi, linaweza kuwa vile. Wewe peke yako ndiye unayejua, na hunijibu.

Msumeno wako mdogo uko hapa, kati ya miguu yangu, na foleni pembeni yake. Ndiyo maana siwezi kukaa.

Ngoja.

Nimerudi. Nimemkata.

Samahani kwa mwandiko, mikono imejaa unga wa mpingo. Mama alisikia msumeno akaja mbio, na nilijua atapiga kelele, kazi ya mwisho ya mumewe inakatwa. Akasimama akaangalia. Kisha akachutama, akaishika foleni kwa mikono yake miwili isicheze. Sijui kama fomu ya mtihani inahesabu kushikiwa.

Kikwazo kilikuwa ngumi ya msichana. Amekamata ule upindo wa kanga sawasawa, mimi mwenyewe nilimchonga hivyo, na nisingeweza kumwachanisha bila kumvunja vidole. Kwa hiyo nimekata kanga. Ameondoka na kipande chake mkononi, kidogo kama ukucha, cheusi, kinang'aa. Msasa wako.

Amesimama hapa juu ya goti langu, na kesho ndiye atakayekwenda shuleni. Mdogo sana, Baba. Nina wasiwasi watasema miaka minne ya masomo imezaa kitu cha kutia mfukoni. Huenda nikaishia kwenye mashine ya chapa, na Mjomba akawa na haki yake. Lakini nikimpapasa najisikia mimi.

Fomu nimeijaza sasa hivi, kabla moyo haujageuka. Palipoandikwa bila msaada wa mtu yeyote nimepiga mstari, na chini yake nimeandika kwa wino: "Isipokuwa kipande cha kanga kilichomo mkononi mwa msichana. Hicho kilipigwa msasa na baba yangu, Klementi, mchongaji, wa Temeke." Mwalimu Hiza akitaka kutia saini atie, asipotaka nitaipeleka na jina langu peke yake.

Foleni nimeirudisha juu ya kabati. Mama amegeuza ule upande uliokatwa utazame mlangoni, sijui kwa nini, sikumuuliza.

Wazee wanarudi, nasikia kikohozi cha Mzee Aloisi njiani, kwa hiyo nakuaga. Pumzika, Baba. Nisamehe zile siku nne. Wakinirudishia msichana nitamrejesha mahali pake nyuma ya yule mama, na ule mkato sitaupiga msasa, utabaki kama ulivyo watu wauone. Na kesho nikitoka shuleni, kazi yangu imepokelewa au imekataliwa, nitakuja kukaa hapa na patasi yangu mkononi, wazee wakiwepo wote. Niombee nisiinuke.

Mwanao,
Leokadia