Pete Nyeusi Ndani ya Mzabibu

Kitengela, Jumanne

Na nilijua. Baba alinifundisha kule Dodoma: ukitoka mzabibu mmoja kwenda mwingine, pitisha mkasi motoni kwanza. Miezi miwili iliyopita nilipogoa mzabibu wa kanisani uliokuwa unakauka, nikarudi nyumbani nikapogoa wangu kwa mkasi uleule. Nilikuwa nimechoka tu.

Leo nimekata tawi. Ndani kuna pete nyeusi ya ugonjwa, sawasawa na ile niliyoiona kwenye mzabibu wa kanisani.

Wangu ni Makutupora, zabibu nyekundu ya divai ya kwetu. Shamba la baba limejengwa nyumba zamani. Mzabibu huu ndio uliobaki. Kwa hiyo siku ileile ya kupogoa nilimpa jirani yangu, Mama Naserian, vipandikizi sita akapande kwao Bisil, ili nikifa mbegu isife nami.

Jioni amesimama langoni akicheka. "Mzee, watoto yako wameshika wote. Lakini wanakunywa maji kushinda ng'ombe. Dada yangu wa Mashuuru pia anataka."

Nilipaswa kumwambia avichome vyote.

Nikamuuliza vina majani mangapi.