Jina Nililoliandika kwenye Mashine ya Zuhura

Malaba, upande wa Uganda

Dada yangu Mwanaidi,

Shikamoo. Kabla hujasoma mbele, ujue kwamba anayekuandikia ni mjaza fomu za forodha ambaye akiugua mafua siku moja tu, mpaka wa Malaba unasimama. Sijisifu. Juzijuzi nilikwenda Tororo mjini kung'oa jino, kurudi nikakuta malori yamepanga foleni hadi karibu na Bungoma, madereva wamelala chini ya matela wananiulizia kwa jina. Wa kwanza aliponiona akapiga honi, wa pili akadakia, ikaenda hivyo lori kwa lori mpaka Kenya nzima ikajua Rajabu amerudi.

Hujambo lakini? Magoti yanakuacha ulale? Mama anaamkaje, bado anaukataa uji usio na pilipili manga? Na shemeji Hamisi na machungwa yake, mvua imewahurumia huko Muheza? Sisi huku miili ni mizima. Mke wangu Nyafwono yuko kwao Merikit anapalilia karanga, mgongo unamsumbua, lakini anacheka.

Umenipigia simu mara nyingi nami sikupokea. Nisamehe. Wewe ukisikia sauti yangu unaanza kucheka, nami nikisikia unacheka ulimi unaanza kupamba. Kwenye karatasi hakuna anayecheka. Ndiyo maana nimeandika, nikampa dereva wa Tanga anayerudi na tela tupu akuletee mkononi.

Unauliza kwa nini Zuhura hakujibu, na kwa nini alikutumia ujumbe kwamba kazi ya uhandisi ameiacha. Mwanao haumwi, dada. Hana mimba, wala hakuna aliyempiga. Aliyemfanyia jambo ni mimi, mjomba wake.

Unakumbuka alivyotoka chuoni na cheti chake cha mitambo, akazunguka mwaka mzima, kila karakana wanamuuliza kama anajua kupiga chapa barua. Nikakuambia mlete kwangu, huku mimi nikikohoa tu chuma kinapinda. Nikampeleka kwa Wafula, mwenye karakana ya kuchomelea mageti na mashine za kusaga, barabara ya kwenda Tororo. Wafula akamtazama toka kichwani hadi viatuni.

"Mzee Rajabu, huyu kweli atashika nyundo?"

"Atashika nyundo, na wewe utamshikia msumari," nikamwambia.

Tukacheka. Lakini alimweka mezani kuandika stakabadhi na kuwachemshia mafundi chai. Zuhura akawa anasubiri wakienda kula, ndipo anavaa miwani ya kuchomelea na kufanya kazi zake. Mwezi wa tatu mafundi wenyewe wakawa wanamwita: Dada, njoo utuangalizie hapa.

Mashine yenyewe iliyoleta haya yote, ya kukatia muhogo, hakuitengenezea kwa Wafula. Hilo ulishike vizuri. Aliitengenezea uani kwangu, siku za Jumapili, kwa vyuma alivyookota na kununua mwenyewe. Sababu ni Mama Athieno, jirani wa wakwe zangu Merikit. Kule muhogo hukatwa vipande na mashine ili ukauke upesi, na mashine haijui muhogo ni upi na mkono ni upi. Ilimla Mama Athieno vidole viwili. Zuhura alikwenda kumpa pole pamoja na Nyafwono, akarudi hakula. Kesho yake akaanza kuchora kwenye daftari.

Alichukua breki za baiskeli, springi, na ubapa wa chuma akauweka mdomoni pa mashine. Mkono ukisogea ndani kuliko inavyotakiwa, ubapa unaguswa, kisu kinasimama hujamaliza kusema bismillahi. Alijaribu kwa glavu aliyoijaza ugali mgumu. Mimi niliwaambia watu kwamba nilitia kichwa changu mle ndani mara saba. Ilikuwa glavu, dada.

Tulipoipeleka Merikit wanawake walijaa ua mzima. Mama Athieno akatia muhogo, kisha akatia ule mkono wake wenye vidole vitatu, polepole, macho amefumba. Kisu kikasimama.

"Ee! Hii masini iko na huruma kuliko bwana yangu!" akasema. "Nani natengeneza?"

"Huyu mtoto ya Rajabu," jirani mmoja akamjibu.

"Muongo! Rajabu nazaa maneno tu. Hii nazaliwa na mtu ya akili."

Zuhura alicheka mpaka akakaa chini. Ndiyo mara ya mwisho ninayokumbuka amecheka hivyo.

Ikaja habari ya maonyesho ya kilimo Busia, upande wa Kenya. Kiwanda cha unga wa muhogo kilichofunguliwa huku Tororo kilikuwa kinapeleka watu kutafuta mashine salama, na yule aliyeibuni wangemwajiri aongoze kitengo chao cha mitambo. Zuhura alikuwa hapati usingizi kwa furaha. Mashine ilibidi ivuke mpaka, na kuvuka mpaka ndiyo kazi yangu. Alikuwa anaifunga kamba kwenye pikapu.

"Mjomba, fomu andika wewe. Wewe ndiye unayezijua."

Sasa nikueleze jambo la huku, usije ukadhani mdogo wako ni mwehu. Hapa mpakani jina huazimwa. Mama wa samaki asiyejulikana na makarani anavusha samaki wake kwa jina la mwenzake anayejulikana. Mwenye magunia kumi anaandikisha matano kwa jina la jirani. Mkishapita geti, kila mtu anachukua chake na jina linarudi kwa mwenyewe, kama koti la kuazima la kwendea harusini. Miaka yote niliyokaa hapa sijaona jina lililokataa kurudi. Wafula huvusha mashine kila wiki, makarani wanamjua. Basi kwenye nafasi ya mwenye mali na mtengenezaji nikaandika Wafula. Chini nikatia sahihi yangu, ile yenye mkia mrefu. Karani akagonga muhuri hata hakuinua kichwa.

Busia tulikuta kila meza inabandikwa karatasi ya forodha ambayo mtu aliingia nayo. Wafula alikuja na suti. Nilidhani anakuja kutazama tu. Watu wa kiwanda wakafika mezani petu, mmoja akauliza mtengenezaji ni nani, mwenzake akasoma karatasi.

"Bwana Wafula."

Wafula akasimama.

Zuhura akanigeukia. Dada, nilifanya hivi kwa mkono: tulia, tulia kwanza. Niliona aibu kubishana mbele ya wageni, nikadhani tutasawazisha baadaye nyumbani. Wafula akawaambia, "Msichana wangu atawaonyesha inavyofanya kazi." Naye akawaonyesha. Alieleza kila springi, kila nati. Walipopiga picha, Wafula aliweka mkono juu ya mashine, na Zuhura wakamwambia ashike muhogo.

Tuliporudi nikamfuata Wafula karakanani. "Bwana, jina lako sasa lirudi nyumbani."

"Tulia, mzee wangu. Ni karatasi tu ile, mbona una presha?"

Kumbe alikuwa amekwenda Kampala kuomba hataza, yaani hati ya serikali inayosema kitu hiki kimebuniwa na fulani, na mwingine asikiunde wala kukiuza bila ruhusa yake. Ushahidi aliopeleka ni picha ya Busia na ile fomu ya forodha. Zuhura aliposikia alipanda basi peke yake na daftari lake. Mama mmoja wa ofisi ya hataza alimpokea vizuri, akamfungulia faili.

"Sahihi hii unaijua?"

"Ni ya mjomba wangu," akasema mwanao.

Yule mama akamweleza kwamba kuna siku za kupinga, bado hazijaisha. Lakini daftari peke yake haliwezi kushinda karatasi yenye muhuri. Anatakiwa aliyeandika fomu aape mbele ya wakili kwamba aliandika uongo.

Akarudi, akanikalisha kwenye kiti kama mimi ndiye mtoto. "Mjomba, maneno mawili tu. Nenda ukaseme yale hayakuwa kweli."

Nikasema kesho.

Dada, mtu anayeapa kwamba aliandika uongo kwenye fomu ya forodha, kesho yake nani atampa fomu? Nilikuwa naogopa. Badala ya kumwambia naogopa, nikampa hadithi. Kesho yake nikasema lori la mayai limepinduka na barabara haipitiki. Siku iliyofuata nikasema kuna fisi amekaa katikati ya njia pale Nabuyoga na polisi wamezuia watu. Zamani hadithi zangu zilimfurahisha, angeniuliza fisi mwenyewe alivaa nini. Safari hii alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa, Mjomba," akaenda kuosha vyombo. Kila siku hivyo.

Nilipopata moyo nilivaa koti, nikaenda naye Tororo kwa wakili, binti mdogo tu, rika la Zuhura. Akatusikiliza, akavuta kalenda ya ukutani, akahesabu kwa kidole mara mbili.

"Mzee, siku za kupinga zimeisha Jumanne. Leo Ijumaa."

Niliapa hivyo hivyo. Nilisema yote, yakaandikwa, nikatia sahihi bila mkia. Wakili akasema mlango wa mahakama bado uko, ila ni njia ndefu, na ni Zuhura mwenyewe anayepaswa kuitaka. Zuhura akasema, "Basi." Neno hilo tu. Kiwanda sasa kinanunua mashine kwa Wafula, na jina lake limegongwa kwenye bati, palepale karibu na ule ubapa. Mama Athieno aliiona moja sokoni. Alimuuliza muuzaji huyu Wafula alikatwa vidole vingapi.

Wenzangu pale kibandani tunapojazia fomu hawanipi kazi tena. Hilo halinisumbui, nilistahili. Kinachonisumbua ni kwamba wananitania kuhusu yeye. "Yuko wapi injinia wako wa sketi?" Zamani ningewajibu mpaka mate yakauke. Sasa nainama kufunga kamba ya kiatu.

Zuhura amekaa kwenye duka la simu hapa Malaba, anasajili laini. Mchana kutwa anaandika majina ya watu. Anaandika kwa uangalifu sana, anamuuliza kila mmoja mara mbili kama amelipata sawasawa. Nimepita pale nikamwona kupitia kioo, sikuingia. Lile daftari la michoro alimpa Nyafwono afungie karanga za kuuza. Nyafwono hajachana hata ukurasa mmoja. Amelilaza chini ya gunia la mbegu, na kila akitoka shambani analigusa kama lipo.

Ninachokuomba ni hiki. Usimpigie. Njoo, au mtume mtu anayempenda. Mwambie kwamba ile sahihi niliyoapa nayo ipo kwa wakili na haiozi. Akitaka mahakama, nitasimama popote nitakapoitwa, hata kama watanicheka toka asubuhi hadi jioni. Akitaka kurudi kwenu, msimwulize kitu. Akikuta mashine ya Hamisi ya kukamua machungwa imeharibika, mwacheni aitazame. Msimwambie aitengeneze. Mwacheni tu aitazame.

Mshikie Mama miguu yote miwili kwa niaba yangu. Mpe pole shemeji Hamisi, mwambie nilimlelea binti yake vibaya, lakini nisingependa anijibu kwa maandishi. Mdogo wetu Salimu, fundi cherehani, mwambie lile koti alilonishonea ndilo nililoapa nalo, na halikunibana. Mwalimu wangu wa madrasa, kama bado anaona, mwambie ninamsalimu. Shangazi Mwanahawa ambusu kila mtoto wa mle uani, hata wale nisiowajua.

Imebaki kitu kidogo, dada, ambacho hata kwa wakili sikukisema, kwa kuwa hakuniuliza. Kila mtu nimemwambia niliandika jina la Wafula ili mashine ipite upesi. Ile ilikuwa fomu ya pili. Ya kwanza niliandika jina langu. Mwenye mali na mtengenezaji: Mhandisi Rajabu. Nilikaa nikaitazama kwa muda. Halafu nikaogopa karani asije akaniuliza kisu kinasimamaje, nami sijui, hata leo sijui. Nikaikunja nikachukua nyingine. Jina la Zuhura halikunijia kabisa. Ile ya kwanza sikuitupa. Ninayo kwenye mfuko wa shati hadi sasa, na nikiwa peke yangu huitoa nikaisoma.

Mdogo wako,
Rajabu