Samli Yako na Vile Vyumba Vinne

Mama Koku wangu, uliyenitangulia,

Watu wanaikosea. Wote kabisa. Jumapili hii kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi, nimemsikia mtu mzima, mvi mpaka kwenye nyusi, anasimulia habari ya samli yako na ile nyumba ya serikali ya kupimia samli. Eti ilikuwa chumba kimoja. Eti Mzungu alichovya kidole, akalamba, akasema mbaya, na wewe ukalia. Wewe! Ulie mbele ya watu! Nikamwambia, "Ndugu yangu, nyamaza unywe. Hiyo habari ina mwenyewe." Wakacheka. Nikageuka upande uliokuwa unapenda kukaa ili tucheke wote, nikakuta jembe la mtu limeegemezwa ukutani.

Basi nimerudi, nimemwambia binti yetu Koku ashike kalamu. Mimi nasema, yeye anaandika. Unanijua, kalamu ikiniona inakimbia. Na asome kwa sauti Jumapili ijayo, wale walevi wapate adabu.

Vyumba vilikuwa vinne, Mama Koku, na hakuna aliyevijua kama mimi. Makarani kila mmoja alikijua chake. Bwana Mkubwa aliijua meza yake. Mimi mchukuzi niliingia kote, kwa sababu debe la samli halina miguu. Ukitaka kujua serikali inavyopanga akili yake, muulize anayebeba mizigo yake.

Cha kwanza kilikuwa Chumba cha Maji. Karani anachota samli kwa kijiko cha chuma, anaweka juu ya moto. Ikirukaruka na kupiga kelele, umetia maji. Cha pili, Chumba cha Taka: anayeyusha, anachuja kwa kitambaa cheupe, kisha anachungulia kwa kioo kinachofanya unywele wa ndama uonekane kama kamba ya kufungia mbuzi. Cha tatu kilikuwa cha Mchanganyiko. Humo kuna vichupa na dawa za kugeuka rangi, wanatafuta kama umeongeza mafuta mengine. Yule karani hakufungua mlango hata ukimwambia nyumba inaungua. Na cha nne, Chumba cha Harufu, cha Bwana Pua. Jina hilo nilimpa mimi, na lilimkaa vizuri kuliko koti lake.

Yote hayo ni ili watu wa mijini wasile uchafu wala wasidanganywe. Jambo jema, silikatai. Debe likifika linapewa namba, jina la mwenyewe linabaki mezani kwa Bwana Mkubwa, ili karani asimpendelee shemeji yake. Na vyumba haviruhusiwi kuulizana. Kila chumba kinaandika neno lake, Bwana Mkubwa anayaunganisha. Chumba kimoja kikikataa, debe lote limekataliwa. Ukikataliwa mara mbili, jina lako linafutwa na samli yako inamwagwa.

Wewe ulitoka Mabira na debe lako kichwani, mjane, hujafunga hata mwaka wa matanga vizuri. Mimi nikiwa mtu wa migomba wa Bugomora, nisiyejua ng'ombe zaidi ya mkia na pembe. Nilikusalimu. Ukajibu kama mtu anayeujibu mlango.

Debe lako likapita Maji, likapita Taka, likapita Mchanganyiko. Nikalipeleka kwa Harufu, Bwana Pua akaingiza uso, akakunja midomo, akaandika. Limekataliwa. Imeungua, au imeoza ikafichwa kwa moshi.

Ulikaa kwenye ngazi. Hukulia, nasema tena, Koku andika vizuri: hakulia. Uliniambia tu, "Shemeji yangu anasubiri hilo neno. Amesema mwanamke asiyejua kutunza maziwa hawezi kuachiwa ng'ombe wa marehemu. Nikikataliwa tena anakuja kuwachukua."

"Wote?"

"Kwani atamwachia nani? Wewe?"

Hapo ndipo nilipovunja sheria. Hii ni kweli tupu, hata padre nimemwambia. Nilikunong'oneza ni chumba gani kilichokukataa, na kwa nini. Ukanitazama kama mtu aliyeambiwa ng'ombe wake ana mabawa.

"Moshi?" ukasema. "Nimefukiza kibuyu changu kwa nyasi safi, nimewafukizia kama wageni, na wao wanasema nimeoza?"

Ndiyo hapo, Mama Koku. Kwenu wafugaji, kumpa mgeni maziwa ya chombo kisichofukizwa ni kumtukana. Yule Bwana Pua alikotoka, maziwa yanatoka kwenye kopo na yananukia kopo. Na kwa mpango ule wa vyumba, hakuna wa kumwambia. Wa Maji anajua maji tu. Wa Taka alizaliwa hapahapa, amekunywa maziwa ya moshi tangu hajaota meno, lakini debe likitoka chumbani kwake limetoka, midomo imefungwa.

Siku ya pili ya kupima ulikuja na debe jingine, na kibuyu kitupu, na maziwa, na fungu la nyasi kavu, na makaa ndani ya kigae. Nikakuuliza unahama nyumba? Ukasema, "Sogea, mtu wa migomba."

Ukaketi uwani, mbele ya mlango wa Bwana Mkubwa, ukaweka nyasi juu ya makaa, ukafunika kibuyu juu ya moshi. Makarani wote wakatoa vichwa madirishani. Bwana Mkubwa akatoka, na Bwana Pua nyuma yake, akiwa na leso yake. Hapo ndipo mimi, kifua mbele, niliposema yale maneno yanayojulikana mpaka ng'ambo ya mto: "Bwana, nyumba hii ina vyumba vinne na pua moja, na pua hiyo haijawahi kunywa maziwa ya Karagwe."

Bwana Pua akashusha leso.

Wewe ukamimina maziwa kwenye kibuyu, ukatikisa, ukampa Bwana Pua kwa mikono miwili. Akamtazama mkubwa wake. Mkubwa akasema, "Kunywa." Akanywa kidogo. Akanywa tena. Akaingia ndani, akatoka na debe lako jipya, akanusa debe, akanusa kibuyu, akanusa debe. Masikio yakamwiva.

"Ni harufu ileile," akasema.

Na karani wa Taka, kutoka dirishani, kwa mara ya kwanza tangu nyumba ile ijengwe, akazungumza habari ya chumba kisicho chake: "Bwana, kwetu isiponukia hivi hatunywi."

Samli yako ikapita. Na tangu siku ile, kabla debe halijakataliwa, wale makarani wanne waliketi kwenye benchi moja, kila mtu aseme alichoona, waulizane, ndipo Bwana Mkubwa aandike. Nililibeba benchi hilo mimi mwenyewe. Shemeji yako akabaki na fimbo yake, ng'ombe wakabaki kwako, na baada ya misimu miwili ukakubali kuja Bugomora na ng'ombe wako, ukasema unakuja kwa sababu ya kivuli cha migomba. Mimi nilijua ni kwa ajili ya uzuri wangu. Koku ameacha kuandika, anacheka. Andika.

Sasa sikiliza hali ya hapa. Vibuyu vyako viko ukutani. Koku ananiletea maziwa kwenye kikombe cha bati, mazuri, safi, hayanukii kitu. Nanywa kama ninayekunywa mvua. Mwezi uliopita nilijaribu kufukiza mwenyewe. Nimeunguza nyusi, kibuyu kimepasuka, jirani amekuja mbio akidhani nyumba imeshika moto. Nikamwambia nilikuwa nafukuza mbu. Jioni nasema peke yangu, halafu nasubiri unijibu vibaya. Hakuna anayenijibu vibaya tena, Mama Koku. Wananiheshimu. Ni taabu kubwa.

Koku ananitazama. Ameinua kalamu, anauliza, "Baba, hayo ya pua moja niyaache yalivyo?" Kumbe ulimwambia. Basi, asome na haya kwa sauti Jumapili hiyo: maneno yale sikuyasema mimi. Uliyasema wewe, umeketi palepale, bila hata kuinua macho kutoka kwenye moshi. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa Chumba cha Maji, nimekumbatia debe lako, naogopa kufukuzwa kazi na kuvuliwa kaptula ya kaki. Miaka yote nimeyasimulia nikiwa nimekaa ubavuni kwako, mbele ya wageni, kifua mbele, na wewe hukunikosoa hata mara moja. Ulikuwa unasema tu, "Baba Koku, kunywa, yatapoa."

Kwa hiyo nayarudisha. Ni yako. Sioni raha kuyasema mahali ambapo hakuna wa kuninyamazia.

Lala vizuri,
Mumeo, mtu wa migomba