Mlango wa nyuma

Bwana, mke wangu nusura aungue akiwa hai ndani ya lile basi la shule ninaloligeuza nyumba.

Jiko la gesi lilishika moto karibu na mlango wa mbele. Yeye alikuwa nyuma anapima pazia. Akakimbilia mlango wa dharura.

Ule mlango niliuchomelea juzi ili kitanda kienee. Madirisha nayo nimeyaziba kwa mbao.

Nikamsikia anagonga. "Baba Watoto, fungua." Nifungue nini?

Shemeji, kaka yake, akapasua mbao kwa nyundo, tukamvuta nje. Akaniuliza taratibu, "Ulikuwa unanijengea nyumba au jeneza?"

Usiniambie ulinionya.

Jiko limekwisha, pazia limekwisha, na mkono wake wa kulia umebabuka kuanzia vidole hadi kiwiko. Ameondoka na kaka yake.