Abhinaya ya Kumlilia Baba

Jumanne, 5 Novemba 2024

Baba amefariki. Bukavu, jana jioni, presha. Ujumbe wa mama nilisoma ofisini, nikaendelea kupanga mafaili ya wakili wetu — hadi herufi M! Sikulia. Nilikuwa na miaka tisa nilipoletwa huku ng'ambo kwa tonton Bienaimé, mdogo wake. Tangu hapo baba alikuwa sauti ya simu. Sauti inaliliwaje?

Jumatano, 6 Novemba

Matanga hapa nyumbani, Ixelles. Maman Berthe, dada yake baba, akanishika kidevu mbele ya wamama wote: "Bon, na huyu mutoto? Macho kavu! Ulikunywa machozi na café ama?" Walicheka kidogo. Kisha hawakucheka.

Mama akapiga simu akinong'ona. Mawifi wake huko Bukavu wanasema yeye ndiye aliyenifundisha kumsahau baba. Jumapili, kwa video, mtoto wa kwanza, yaani mimi, ndiye anayeanzisha kilio. Nisipolia, watamtoa kwenye nyumba ya baba. Lia tu, mwanangu, akasema. Lia.

Naogopa. Machoni hamna kitu.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimemwambia Tatiana wa meza ya pili ofisini. Anajifunza ngoma ya Kihindi, Etterbeek. Alisema kuna neno la Kisanskriti: abhinaya. Watu husema ni kuonyesha hisia, lakini asili yake ni kupeleka kuelekea — kumwongoza anayetazama mpaka aifikie hisia. Donc mchezaji si lazima awe na huzuni? Si lazima, akasema. Akasimama kati ya makabati, akanyoosha mkono polepole, macho yakaufuata, kana kwamba mtu anaondoka. Nikajikuta nimeinuka kumzuia! Yeye akaketi, akamalizia mkate wake.

Sielewi. Ni uongo? Lakini miguu yangu haikudanganya.

Ijumaa, 8 Novemba

Na machozi ya kweli, je? Tatiana anasema hata hayo ni sehemu ya abhinaya, ila huja yenyewe. Mwalimu hawezi kuyaamuru. Alors? Huwajia akina nani?

Nimefanya mazoezi kwenye choo cha ofisi. Aibu.

Jumapili, 10 Novemba

Nimefanya. Picha ya baba mezani, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai, ukoo wote wa Bukavu kwenye skrini. Nikanyoosha mkono kuelekea picha, macho yakaufuata. "Papa, unaenda wapi?" — sauti ikatoka. Maman Berthe akaanguka chini! Wamama wakaitikia. Hata mawifi wa mama wakapiga yowe. Tonton akanishika bega: "Sasa uko mutoto yake kweli." Kuhusu nyumba hawatasema tena neno.

Mashavu yangu yalikuwa na maji. Yangu? Au jasho? Kweli sijui.

Mama peke yake alikuwa ameacha kulia. Alinitazama tu, kama mtu anayemtazama mgeni.

Nimejifungia chumbani. Simu inaita. Ni mama, kwa video. Inaita tena. Sijui nipokee na uso upi —